Waya kwenye Jicho la Ndege

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya wapiga picha na wapenda ndege tuliokutana hapa Bukoba. Wengine walizuiwa na mvua, wengine walikuwa na harusi. Wa harusi nawaelewa, maana ndiyo kazi inayonilisha. Nimeyaandika kama yalivyotoka, bila zile picha tulizoonyesha ukutani.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Mbona mnaitikia kama mko msibani? Hamjambo? Haya, sasa nimesikia.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mtaalamu wa ndege. Kwa heshima zote, naomba nimsahihishe. Mimi ni mpiga picha wa harusi. Harusi, sendofu, kipaimara, na picha za paspoti. Nimewapiga mabibi harusi wa mji huu mpaka siku hizi nawapiga mabinti wa wale niliowapiga zamani. Bibi harusi ukimwambia geuka kidogo, anageuka. Ukimwambia inua kidevu, anainua. Ukikosea picha ya keki, unamwomba amlishe tena bwana harusi, watu wanapiga vigelegele kama mara ya kwanza. Nani kati yenu amewahi kumwomba mdiria azamie tena?

Ndege hakulipi. Ndege hakusikilizi. Ndege hana habari na wewe. Nadhani ndiyo maana nilimpenda, baada ya miaka yote ya kusikilizwa.

Sasa, kuna ubishi ambao mmekuwa nao kwenye kundi letu la simu wiki nzima, na nimeusoma kimya kimya. Wengine mnasema picha ya ndege ni ile ya porini tu, na kwamba anayepiga ndege wa kwenye wavu ni sawa na mvuvi anayenunua samaki sokoni halafu anajisifu. Wengine mnasema picha ni picha. Mimi nasema hivi: zote ni picha, lakini kila moja ina mdai wake. Porini unadaiwa na ndege. Bandani unadaiwa na mtazamaji. Na nazungumza kama mtu aliyewahi kuwadhulumu wote wawili.

Nianze na porini.

Wangapi hapa wamewahi kumwona yule korongo mkubwa wa kijivu, mwenye domo kama kiatu, ambaye Waingereza wanamwita shoebill? Nyosheni mikono. Mmoja, wawili, watatu. Wewe pale nyuma, televisheni haihesabiki.

Basi, wa kwetu wa karibu yuko ng'ambo ya mpaka, Uganda. Unatoka hapa hadi Mutukula, unavuka, unapita Masaka, unaikata Ikweta pale Kayabwe, kisha kabla ya Kampala unakunja kurudi ziwani, kwenye kinamasi cha Mabamba. Ni ziwa letu hili hili, upande wa pili. Mafunjo mpaka jicho linachoka. Mwaka 2006 kinamasi hicho kiliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zinazolindwa kimataifa, na sababu kubwa ni huyo korongo.

Akisimama anaweza kufika mita moja na sentimita arobaini. Mlinganishe na mwanao wa darasa la nne. Rangi yake ni ya wingu la mvua. Chakula anachokipenda kuliko vyote ni samaki aitwaye kamongo, na nyie watu wa ziwani mnajua tabia ya kamongo: ana mapafu, kwa hiyo lazima apande juu kuvuta hewa. Korongo anajua hilo kabla yetu. Anasimama kwenye maji machache, domo limelala kifuani, anasubiri kamongo apande kuvuta pumzi. Anasubiri. Anasubiri. Anaweza kusubiri mpaka ukahisi kuna mtu amechomeka sanamu pale.

Zamani wavuvi wa Mabamba walimchukia. Waliamini kwamba ukimwona asubuhi, siku hiyo hupati samaki, na wengine walimuua kwa ajili hiyo. Leo baadhi ya watu wa kijiji hicho hicho ndio wanaowapeleka wageni kumwona, kwa mitumbwi, na nyumba zinaendeshwa kwa fedha hizo. Mkosi umegeuka ada ya shule.

Safari yangu ya kwanza nilikwenda na lenzi ya kuazima, ya milimita 500, ya rafiki yangu wa Mwanza aliyeniapisha kama anakabidhi mtoto. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko kwenye mtumbwi. Kiongozi wangu anasukuma kwa mti, hasemi neno. Baada ya kama saa nzima akainua kidole. Yule pale.

Nikapiga. Ndugu zangu, nilipiga! Picha mia tatu. Picha mia tatu za ndege yule yule, amesimama vile vile, kwenye mwanga ule ule. Ningempiga moja nikaidurufu, kusingekuwa na tofauti. Baada ya dakika arobaini nikafanya jambo ambalo kila mmoja hapa amelifanya: nikainamisha kichwa kutazama kwenye skrini kama zimetoka vizuri. Nikavuta jicho, kali. Nikavuta domo, kali. Nikatabasamu.

Chubwi!

Nilipoinua uso, maji yanaruka, ndege ameinuka na bonge la majani mdomoni, na katikati ya majani mkia wa kamongo unapiga huku na huku. Akatikisa domo, majani yakadondoka, kamongo akaingia. Kwisha.

Kiongozi wangu alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Akaniambia kwa Kiswahili chake chenye Kiganda ndani, "Ssebo, wewe unaangalia ndege wa zamani. Wa sasa amekula."

Kesho yake, nikiwa bado nimenuna, nikaenda Entebbe kwenye kile kituo cha elimu ya wanyamapori. Kilianza mwaka 1952 kama mahali pa kulea wanyama yatima, na humo wanatunza pia korongo wa aina ile ile. Nilikwenda kujifariji. Nikakuta shule.

Nilikaa mbele ya uzio saa nne. Saa nne! Porini nani anakupa saa nne karibu na ndege huyo bila kumsumbua? Mtunzaji alipoleta samaki, nikaona kile nilichokikosa kinamasini, si mara moja, mara kadhaa. Nikaona kwamba kabla ya kushambulia kuna dalili. Kichwa kinainama zaidi, shingo inajikusanya, mabawa yanaachia kidogo tu kutoka mwilini, kama mtu anayelegeza kanzu kabla ya kukaa. Kisha hapigi kwa shingo kama yangeyange. Anajimwaga mwili mzima, anaangukia mawindo yake. Nikahesabu kimya kimya kutoka dalili mpaka pigo. Hesabu ile haimo kwenye kitabu cha maelekezo cha kamera yoyote.

Kwa hiyo nyie mnaodharau ndege wa bandani, nawauliza: mtamsoma wapi ndege kwa ukaribu ule?

Lakini hapo hapo ndipo nilipoharibu.

Nilipiga picha ya uso mtupu. Domo, jicho, kile kishungi kidogo cha kisogoni, nyuma kijani kilichoyeyuka. Nzuri kuliko zote mia tatu za jana. Nikarudi Bukoba, nikaichapisha kubwa, nikaitundika studio ukutani, na chini yake nikaandika neno moja: Mabamba.

Sikusema uongo mrefu. Niliandika neno moja tu. Na watu wakasifu. Padri alisifu, afisa wa benki alisifu, mteja mmoja alitaka kuinunua. Kila aliyesifu nikamsimulia mtumbwi, mafunjo na baridi ya alfajiri, na vyote vilikuwa kweli. Havikuwa vya picha ile tu.

Siku moja akaja binti wa darasa la sita na mama yake, wanataka picha za paspoti. Mama anahesabu fedha, mtoto amesimama mbele ya ile picha, pua karibu iguse kioo. Akageuka. "Shikamoo mjomba." Marahaba. "Mjomba, mbona kwenye jicho la huyu ndege kuna waya?"

Nikasogea. Nimeitazama picha ile miezi. Kwenye jicho, ndani ya mng'ao, kuna nguzo mbili, mistari ya waya imelala kati yake, na kivuli cha mtu mwenye kofia. Yule mtu ni mimi.

Mama akasema, "Wewe mtoto, acha maswali, tunachelewa." Nikawapa picha zao. Nikafunga studio mapema.

Nieleweni. Kosa halikuwa kumpiga ndege wa Entebbe. Kosa lilikuwa neno moja. Mtu akiona picha ya porini, anaamini mambo mengi kwa mpigo: kwamba ndege huyo yupo, kwamba kinamasi kingali hai, kwamba anaweza kwenda kumwona. Ukimpa ndege wa kwenye uzio kwa jina la kinamasi, umemuuzia kinamasi hewa. Andika "Entebbe, ndani ya uzio." Maneno manne tu, na hayapunguzi rangi hata kidogo.

Sasa wale wanaoniuliza kila siku, "waya unauondoaje?" Chukueni kalamu, hii ni ya ufundi.

Waya hauondoki kwa kusimama mbali na kuomba. Sogea. Lenzi ikaribie wavu kadiri mtunzaji anavyoruhusu, na kama ni kasuku, kwanza tazama vidole vyako viko wapi. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, f/4, f/5.6, namba ndogo kabisa uliyo nayo. Halafu subiri ndege aondoke karibu na wavu, akae mita mbili tatu nyuma yake. Hapo waya ulio puani kwa lenzi unatawanyika mpaka unakuwa ukungu, na ukungu unapotea. Ndege akiwa ameng'ang'ania wavu wenyewe, weka kamera chini, unywe soda. Hakuna lenzi ya kukusaidia.

La pili: chagua wavu ulio kivulini. Waya ukipigwa na jua unang'aa, na mng'ao wake unatandaza weupe kwenye picha nzima, kama umepumulia kioo. Hakuna kivuli? Tengeneza kwa kofia. La tatu: fokasi ya kamera ni mvivu, inashika kitu cha kwanza inachokutana nacho, yaani waya. Tumia nukta moja ya katikati na uipitishe kwenye tundu la wavu, au zima hiyo ya kujiendesha uzungushe kwa mkono, kama tulivyokuwa tunafanya enzi za filamu. Wazee wenzangu mnacheka, mnakumbuka.

Na kabla hujabofya, angalia nyuma ya ndege. Beseni la maji, ndoo ya plastiki, mguu wa mtalii. Hatua moja kushoto na jani moja la mgomba linafunika vyote.

Kuna banda jingine lilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Kigali kuna mahali panaitwa Umusambi, ndilo jina la korongo taji kwa Kinyarwanda. Rwanda watu walikuwa wanawakamata korongo hawa na kuwafuga majumbani na kwenye bustani za hoteli, kwa ajili ya urembo, na mgeni akija anapiga nao picha. Ili wasiruke, walikatwa manyoya ya mabawa au kuvunjwa. Mwaka 2014 daktari wa mifugo anayeitwa Olivier Nsengimana akaanza kazi ya kuwaondoa huko. Wenye korongo waliombwa wajiandikishe bila kuadhibiwa. Waliokuwa wazima walipelekwa Hifadhi ya Akagera, hapo ng'ambo ya mto wetu, wakajifunza tena kuwa ndege. Wasioweza tena kuruka ndio wanaoishi Umusambi.

Nilimpiga mmoja wao akifungua mabawa kwenye jua la asubuhi. Bawa la kulia likafunguka lote, jeupe, la dhahabu, la kahawia. La kushoto likafika nusu, likaishia. Mkono wangu wa harusi ukataka kuikata picha libaki bawa zuri tu, maana hiyo ndiyo kazi yangu ya kila Jumamosi, kuficha chunusi. Sikuikata. Iko nyumbani, haiko studio.

Turudi porini, kwenye lile deni jingine. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu naona aibu.

Nilipokuwa kijana nilipata kiota cha chozi kwenye mlimau wa bibi yangu. Kiota kama mfuko unaoning'inia, kimefunikwa na majani, mama anaingia na kutoka. Jani moja lilikuwa linaziba. Nikalikata. Jani moja tu, jamani! Nikapata picha, mwanga ukaingia mpaka mlangoni mwa kiota. Mwanga ule ule ulimwonyesha kunguru njia. Asubuhi bibi aliniita, akanionyesha, hakusema kitu.

Tangu hapo nina sheria mbili ambazo hazina mjadala. Kwenye kiota sigusi jani. Na sitangazi kiota kilipo, hata kwenye kundi letu, na mkinikasirikia, kasirikeni.

Na hizi simu zenu zenye sauti za ndege. Najua mnazitumia kule msitu wa Minziro, mnacheza wimbo wa dume, dume mwenye eneo anatokeza kifua mbele. Picha mnapata. Lakini yeye amesikia nini? Amesikia mwizi kaingia shambani mwake. Anaacha kula, anaacha mke, anazunguka asubuhi nzima kumtafuta mwizi ambaye yuko mfukoni mwako. Ukiondoka, atakuja mwingine na simu yake. Ukiweza kukaa chini ya mti saa mbili, kaa. Ukishindwa, kuna harusi Jumamosi, nitakupa kazi.

Na mkienda Mabamba, msimwambie kiongozi "sogea, sogea". Yule anategemea bahasha yako ya mwisho wa safari, hawezi kukukatalia. Wewe ndiye wa kusema "hapa panatosha". Mtumbwi mmoja ukisogea, wa pili unasogea, wa tatu unasogea, na ndege aliyesubiri kamongo tangu alfajiri anaruka na njaa yake.

Vifaa? Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haraka. Hamhitaji mfuko wa kijeshi. Gari ni kibanda kizuri cha kujificha, ndege wengi hawaogopi gari kama wanavyomwogopa mtu. Zima injini, weka kwenye dirisha mfuko wa maharage kilo mbili, laza lenzi juu yake. Jioni unayapika. Asiye na lenzi ndefu ashikilie simu kwenye jicho la darubini, nimeona picha za namna hiyo zikanitoa jasho.

Mwanga: sisi wa harusi tunajua shida ya shela na suti nyeusi. Kamera inadhani dunia yote ni ya kijivu. Yangeyange mbele ya mafunjo meusi atatoka mweupe mtupu, kama shuka lililolowekwa kwenye dawa, hana hata unyoya mmoja. Punguza mwanga kidogo. Kunguru mbele ya anga, ongeza.

Na mazoezi yako hapa hapa, bure. Shukeni ufukweni asubuhi, mtafuteni mdiria yule wa nyeupe na nyeusi. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga kama wazimu lakini kichwa hakitikisiki. Anakupa sekunde chache za kumshika kwenye fokasi kabla hajajitupa. Kasi ya shata 1/2000 au zaidi. Utamkosa mara hamsini. Mimi nilimkosa zaidi.

Namalizia na safari yangu ya pili Mabamba, maana naona yule wa Bunena anataka kuuliza iliishaje.

Kiongozi yule yule. Alinikumbuka, akacheka kabla sijapanda. Tukampata korongo saa moja na robo. Safari hii sikupiga. Nilishika kamera, jicho kwenye tundu, kidole juu ya kitufe, nikangoja. Mkono ukafa ganzi. Skrini sikuitazama. Mbu wakala walichotaka. Saa nzima ikapita, na robo. Halafu kichwa kikainama kidogo zaidi ya kawaida. Shingo ikajikusanya. Mabawa yakaachia, kanzu ikalegezwa. Nikaanza kuhesabu kama nilivyohesabu Entebbe, na kabla sijamaliza, akajimwaga.

Picha kumi na moja. Kumi ni maji. Moja anainuka, kamongo yuko domoni amejikunja kama namba nane, na jani la yungiyungi limemfunika jicho moja lote. Jicho zima limezibwa! Kiongozi akaiangalia, akasema, "Angalau hili halina wewe ndani." Nilikuwa nimemsimulia habari ya yule binti.

Zote mbili ziko studio sasa, zimepakana, kila moja na jina lake la kweli. Karibuni mzione.

Haya, maswali. Na aliyekuja na senene, tafadhali wapite huku mbele kabla hawajaisha.